Mji wa Ukiwa: Wimbo wa Ricky Nelson Mbele ya Zaburi ya 88

Huenda msomaji akashangaa kuona kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na ufafanuzi wa Maandiko na mafundisho ya Kanisa, zikitoa nafasi kwa wimbo wa mapenzi uliorekodiwa Marekani mwaka 1958 na kijana wa miaka 18. Wimbo wenyewe haumtaji Mungu. Hauna toba wala shukrani, na haukutungwa kwa ajili ya ibada. Hata hivyo, kila tulipousikiliza tumejikuta tukiifungua Zaburi ya 88, na baada ya kufanya hivyo mara nyingi tumeona ni vema kujiuliza sababu.

Wimbo huo ni "Lonesome Town" wa Ricky Nelson. Mwenye haraka ataufasiri kuwa Mji wa Upweke. Sisi twaona kwamba lugha yetu ina neno lililo bora zaidi, nalo ni ukiwa. Upweke ni hali ya mtu aliye peke yake. Ukiwa ni hali ya mtu na pia ni hali ya mahali. Mkiwa ni yule aliyebaki bila wa kumtegemea, na mji ulio ukiwa ni mji uliohamwa, ambao sasa upepo ndio unaofungua na kufunga milango yake. Ndilo neno walilolichagua watafsiri wa Biblia walipofika kwenye mstari wa kwanza wa Maombolezo, pale Yerusalemu inapoonekana imekaa kama mjane. Mwombolezaji yule aliuona mji ulioachwa na watu wake. Mtunzi wa Marekani ameugeuza mfano huo: mji wake umejaa watu, kila siku wanaingia wapya, na bado ni mji wa ukiwa.

Mtunzi huyo ni Baker Knight, mzaliwa wa Birmingham katika jimbo la Alabama, ambaye jina lake halikupata umaarufu wa wale walioziimba kazi zake. Ndiye pia aliyetunga "The Wonder of You", uliovuma kwa sauti ya Elvis Presley mwaka 1970. Nelson aliurekodi wimbo wa Knight kwa ajili ya kampuni ya Imperial, nao ukapanda hadi nafasi ya 7 katika orodha ya gazeti la Billboard. Miezi michache kabla ya hapo, Agosti 1958, wimbo wake mwingine, "Poor Little Fool", ulikuwa wa kwanza kabisa kushika nafasi ya 1 katika orodha hiyo, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa kwa jina la Hot 100. Tunazitaja nafasi hizi ili ieleweke kwamba hatuzungumzii wimbo uliojificha pembezoni, uliopendwa na wachache wenye huzuni ya pekee. Vijana wengi mno waliununua kwa fedha zao, wakaenda nao nyumbani, wakaupiga wakiwa vyumbani mwao.

Anayezijua rekodi za roki za miaka ile hutazamia ngoma. Hapa ngoma haisikiki. Kuna gitaa linalopigwa bila haraka na waitikiaji wanaoitikia kwa mbali. Katika rekodi nyingi za Nelson za wakati ule waitikiaji walikuwa kundi la Jordanaires, wanaume wanne waliokomaa katika nyimbo za injili na ambao walimwitikia Presley pia. Na mtu aliyezoea kwaya za kanisa huutambua mara moja mtindo huo wa sauti za kiume zinazofungana kwa upole. Mbele yao iko sauti ya Nelson, ambayo ni sauti ndogo. Hakuwa na koo la Presley. Hapigi kwikwi, hapandi juu ili kuonyesha uchungu, wala hasihi. Anaimba kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: pita hapa, kata kule, utafika. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo nguvu ya wimbo huu. Waimbaji wenye sauti kubwa zaidi wangeuharibu, kwa kuwa wangetaka tuwahurumie.

Sasa yafaa tumtazame mwimbaji mwenyewe, kwa sababu hapa pana jambo la ajabu. Ricky Nelson hakuwa kijana asiyejulikana aliyetoka mtaani na gitaa lake. Alikuwa mtoto wa familia iliyojulikana kuliko karibu familia zote za Marekani. Baba yake, Ozzie, alikuwa kiongozi wa bendi. Mama yake, Harriet, alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo. Mwaka 1944 walianzisha kipindi cha redio kilichoitwa "The Adventures of Ozzie and Harriet", kilichohusu maisha yao wenyewe ya nyumbani. Mwanzoni watoto wao wawili waliigizwa na wengine, lakini kuanzia mwaka 1949 David na Ricky wakaingia na kujiigiza wenyewe. Mwaka 1952 kipindi kikahamia televisheni, nacho kikaendelea hadi mwaka 1966, jumla ya sehemu 435. Nyumba iliyoonyeshwa kwa nje ilikuwa nyumba yao halisi huko Hollywood, na vyumba vilivyojengwa studio vilifuata mfano wa vyumba vyao halisi. Baba ndiye aliyeongoza kipindi na kushiriki kukiandika. Hivyo mtoto huyu aliamka nyumbani, akaenda kazini, na kazini akaikuta nyumba yake ikimngoja, pamoja na baba yake aliyeshika karatasi yenye maneno ambayo yeye, mtoto, alipaswa kuyasema siku hiyo.

Na ni maneno gani? Waliowahi kukiona kipindi hicho wanakumbuka kwamba hapakuwa na jambo zito. Kulikuwa na kutoelewana kidogo, ahadi iliyosahauliwa, mgeni aliyekosea siku. Matatizo yalianza, yakachanganyika, yakatatuliwa, yote ndani ya nusu saa, tukiondoa dakika za matangazo ya wadhamini. Hakuna aliyelia kwa kweli. Mwaka 1957 baba aligundua kwamba mwanawe angeweza kuimba, na tangu hapo ikawa desturi kumweka Ricky mwishoni mwa kipindi akiwa na gitaa, mbele ya wasichana wanaotabasamu. Kwa njia hiyo ndipo alipokuwa kipenzi cha vijana wa nchi nzima.

Fikirini basi. Mtoto anayeonekana kila juma katika nyumba ambamo hakuna upweke, mezani pamoja na baba, mama na ndugu, ndiye anayewaambia vijana wenzake kwamba uko mji wa watu waliovunjika moyo, na kwamba yeye anafikiri kwenda huko. Hatudai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake. Maneno si yake, ni ya Knight. Lakini vijana waliomsikiliza hawakutenganisha mambo hayo. Kwao, yule wa mezani na yule wa wimbo alikuwa mtu mmoja. Twaamini kwamba wimbo huu uliwapa ruhusa ambayo kipindi hakikuwapa: ruhusa ya kuwa na huzuni ambayo baba haimalizi kabla ya tangazo la mwisho.

Hapa twaomba wachungaji wenzetu watuvumilie. Mahubiri mengi tunayoyasikia, na ambayo sisi wenyewe tumeyahubiri, yamejengwa kwa ramani ya kipindi kile. Taabu inatajwa dakika ya tano. Aya ya faraja inafika dakika ya kumi na tano. Kabla ya sadaka, kila chozi limekwisha kufutwa, na mfiwa aliyeketi safu ya nyuma anajiona mkosaji kwa kuwa lake bado halijakauka. Tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba Injili ni habari njema, nao wanaelewa kwamba ni lazima iwe habari ya haraka. Kijana anayekuja ofisini na kusema kwamba yu mkiwa hupewa aya tatu na ombi fupi. Akitoka hapo na kwenda kusikiliza wimbo wa kidunia, sisi twamlaumu kwa kuipenda dunia. Yamkini aliufuata wimbo kwa sababu ulikuwa tayari kukaa naye zaidi ya dakika mbili, ingawa wenyewe hauzidi dakika hizo kwa mengi.

Hata hivyo, hatukuandika makala hii ili kuutangaza wimbo kuwa zaburi. Tukiupima kwa haki, ni lazima tuseme unapopungua.

Yaliyomo ni machache. Kuna mji ambao waliopoteza wapenzi huenda kukaa. Huko mna biashara: ndoto zina bei, na bei hulipwa kwa machozi. Mwimbaji bado hajafika; anafikiri tu kwenda, na analotumaini kulipata huko ni elimu ya kusahau. Tazama jinsi lugha ya soko ilivyoingia hata katika kilio. Marekani ya miaka ile ilikuwa ikiuziwa friji, magari na kamera katikati ya kila kipindi, na Knight, kwa kujua au kwa kutojua, ametunga tangazo la mji: njooni, mahali papo, gharama yake ni hii. Tunaliona hilo kuwa la busara zaidi kuliko lionekanavyo. Ukiwa umefanywa bidhaa, na mnunuzi anaambiwa ukweli kuhusu bei, jambo ambalo matangazo halisi hayafanyi.

Lakini katika mji huo hakuna anayesema na mwingine. Mwimbaji anajua kwamba wako wengi, na hata hivyo hamtaji jirani hata mmoja. Hakuna jina. Hakuna anayebisha hodi. Na zaidi ya yote, wimbo hauna nafsi ya pili iliyo karibu. Yule mpenzi aliyeondoka ni kumbukumbu tu, wala haitwi arudi. Mwimbaji anasema kuhusu ukiwa wake. Hasemi na mtu. Kwa sababu hiyo ombi lake la mwisho haliwezi kuwa ombi. Linabaki kuwa labda. Labda nitasahau.

Na sasa Zaburi ya 88. Wanafunzi wa Agano la Kale wanaijua kuwa ndiyo yenye giza kuliko zote. Zaburi nyingine za maombolezo, hata ile ya 22, hugeuka mahali fulani kuelekea sifa, hii haigeuki. Kichwa chake kinaitaja kuwa ya Hemani Mwezrahi, na katika maandishi ya Kiebrania neno lake la mwisho kabisa ni lile la giza. Mara mbili mwenye zaburi analalamika kwamba rafiki zake wametengwa naye, na anasema waziwazi ni nani aliyewatenga: ni Mungu. Hakuna faraja inayofika. Iwapo tungeihubiri kwa uaminifu, tungelazimika kushuka mimbarani kabla watu hawajatulia, na ndiyo sababu, twadhani, haihubiriwi.

Katikati ya zaburi hiyo, kwenye mstari wa 12, mwenye kuomba anamwuliza Mungu kama haki yake itajulikana katika nchi ambayo kwa Kiebrania huitwa erets neshiya. Ni nchi ya kusahau, au ya kusahauliwa. Lugha ya asili yaruhusu yote mawili, na anamaanisha kuzimu. Tulipouona mstari huo kando ya wimbo wa Nelson, ndipo tulipoelewa ni kitu gani kilichokuwa kikituvuta kutoka huu kwenda kwa ule. Mji ambao kijana wa 1958 anatamani kuuhamia ndiyo nchi ileile ambayo mwenye zaburi anaiogopa kuliko kitu chochote. Mmoja anasema, nitakwenda huko nisahau. Mwingine anasema, usiniache niende huko, kwa maana huko nitasahauliwa. Kwa kijana, kumbukumbu ndiyo ugonjwa. Kwa mwenye zaburi, kumbukumbu ya Mungu ndiyo kamba pekee iliyobaki, na kwa kuwa hana hakika kama bado imefungwa upande wa pili, anaivuta mchana na usiku. Giza la zaburi ni zito kuliko la wimbo, tena kwa mbali. Bali limejaa Wewe. Wewe umeniweka, wewe umenitenga, wewe mbona wanificha uso. Hata shutuma ni namna ya kusema na mtu.

Tofauti hiyo ilimhusu sana Martin Luther, wala si kwa nadharia. Mwaka 1530, wakati wakuu wa dola walipokutana Augsburg, yeye alikuwa amefungiwa katika ngome ya Coburg kwa ajili ya usalama wake, mbali na Wittenberg na mbali na rafiki zake. Mapema mwezi wa Juni ilimfikia habari kwamba baba yake amekufa. Veit Dietrich, aliyekuwa naye pale, alieleza kwamba Luther alichukua Zaburi zake, akaingia chumbani, akalia sana. Mwezi uliofuata, kutoka ngome hiyohiyo, alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake aliyekuwa akisongwa na huzuni, akamwonya aukimbie upweke kwa kila njia, atafute watu, acheke, acheze, hata anywe kidogo zaidi ikibidi ili kumkomoa Shetani. Miaka minne baadaye alimpa mwana wa mfalme Joachim wa Anhalt shauri la namna hiyo, akimhimiza apande farasi, awinde, afurahi na watu.

Je, alijipinga? Alijifungia mwenyewe, kisha akawakataza wengine wasijifungie? Sisi hatuoni hivyo. Hakuingia chumbani mikono mitupu. Miaka miwili kabla ya hapo, katika dibaji yake ya Zaburi ya mwaka 1528, alikuwa ameandika kwamba ndani ya kitabu hicho tunaingia mioyoni mwa watakatifu wote, na kwamba mtu akiyakuta humo maneno yanayoifaa hali yake, apata hakika kuwa yumo katika ushirika wao, kwa kuwa yaliyompata yeye yaliwapata wao, nao wanaimba pamoja naye wimbo mdogo mmoja. Basi aliyelia Coburg na Zaburi mkononi alikuwa peke yake chumbani, lakini hakuwa mkiwa. Ukiwa aliomkataza Weller ulikuwa ule wa mtu anayekaa na mawazo yake tu.

Dibaji hiyo yatulazimisha kurudi kwa wimbo wetu na kuutendea haki ambayo tulikuwa karibu kuunyima. Wale vijana wa Marekani, kila mmoja chumbani mwake na sahani yake ya santuri, nao walikuwa wakiimba wimbo mdogo mmoja. Hawakuonana. Lakini kila mmoja alijua, kwa sababu ya nafasi ya 7 na kwa sababu redio haikunyamaza, kwamba wako wengine. Ulikuwa ushirika uliokatwa nusu, usio na kichwa wala meza, na bado hatuthubutu kuuita si kitu. Wapo watakaosema kwamba huzuni ya mvulana aliyeachwa na msichana haistahili kutajwa sentensi moja na Coburg, sembuse na Hemani. Twajibu kwamba hatujui mizani ambayo Mungu hupimia machozi, na kwamba mvulana yule hana huzuni nyingine ya kulinganisha na hiyo. Ni ya kwanza. Mchungaji anayeicheka ya kwanza hataletewa ya pili.

Kuhusu maisha ya Nelson baada ya hapo tutasema kwa ufupi. Umaarufu wake ulififia wakati vijana wa Uingereza walipoiteka Marekani kwa magitaa yao. Mwaka 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alisikia sehemu ya watu ikimzomea, na mwaka uliofuata akatoa wimbo kuhusu usiku huo, "Garden Party", alioutunga mwenyewe. Ndoa yake ilivunjika. Tarehe 31 Desemba 1985 alikufa katika ajali ya ndege karibu na De Kalb, Texas, akiwa na umri wa miaka 45. Tunajua jinsi sisi wahubiri tunavyopenda vifo vya namna hii. Huwa tunavifunga mwishoni mwa hotuba kama msumari. Mtu huyu hakufa ili sisi tupate mfano wa mahubiri.

Zaidi yatuvuta habari ya Liverpool. Wakati Nelson alipovuma kwa "Lonesome Town", Paul McCartney alikuwa kijana wa miaka 16 katika mji huo wa bandari, naye alikuwa amekwisha kumpoteza mama yake miaka miwili kabla. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la New York, msichana aitwaye Linda Eastman alikuwa na umri wa miaka 17. Wote wawili waliupenda wimbo huo kabla hawajajuana. Walioana mwaka 1969, na Linda akafa kwa saratani mwaka 1998. Tarehe 10 Aprili 1999 rafiki zake wanamuziki waliandaa tamasha la kumkumbuka katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. McCartney, mjane wa miaka 56, alipanda jukwaani na kuuimba wimbo wa Nelson.

Maneno hayakubadilishwa. Mwimbaji bado anasema kwamba huenda huko akajifunza kusahau. Lakini waliokuwa ukumbini walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya kutosahau, na kila mmoja wao alilijua jina la yule aliyeondoka. Tulipoisikiliza rekodi aliyoifanya mwaka huohuo, tuliona kwamba sauti yake, ambayo ni kubwa kuliko ya Nelson na imezeeka, inapanda na kukwaruza palepale ambapo Nelson alitembea kwa utulivu. Tulisema juu kwamba sauti kubwa ingeuharibu wimbo huu. Kwa habari ya mjane huyo, tunaliondoa neno hilo.